BEGA LA ASKARI: VIPIMO VYA MKONO VYASEMA KWELI KIASI GANI?

Na Mwandishi Wetu wa Jeshi, JUBA

Saa moja ya asubuhi, kabla jua la Juba halijawa kali, benchi la zahanati ya kikosi huwa limekwisha kujaa. Yupo mwenye homa, yupo mwenye tumbo la kuendesha, na hakosekani mmoja aliyeushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyepakata mtoto. Huyu wa mwisho ndiye anayewatatiza matabibu wetu kuliko wenzake wote. Mwenye homa hutobolewa kidole na damu yake ikapimwa. Mwenye tumbo huleta choo kikatazamwa. Bega halina damu ya kupimwa. Kipimo chake ni mikono miwili ya tabibu na kinywa cha askari mwenyewe.

Tabibu huuinua mkono, huupinda, huuzungusha, huukandamiza, kisha huuliza, "Inauma?" Kwa jibu la neno moja hukumu hutolewa: ama askari asamehewe kazi kwa siku saba, ama arudi mstarini huku daftari likisema kwamba hana kitu. Na katika jeshi, ndugu msomaji, "hana kitu" ni maneno mazito. Aliyeandikiwa hivyo, akaonekana kesho yake anashindwa kuitweka shanta yake, haitwi tena mgonjwa. Huitwa mtegaji, na jina hilo hukaa mwilini kuliko kovu.

Makala haya yanahusu uzito wa hukumu hiyo. Vipimo vya bega vina majina makubwa ya madaktari waliovibuni, na vimeandikwa katika vitabu vyote vya tiba. Lakini vingi vyavyo, kikichukuliwa kimoja peke yake, havistahili kumhukumu mtu. Vichache vyaaminika zaidi, navyo vina masharti yake. Sharti moja nililijua kwa bega langu mwenyewe.

Nilikuwa mwanafunzi wa uafisa, katika chuo ambacho sitakitaja. Katika ukuta wa mazoezi mguu uliniteleza, nikabaki nimening'inia kwa mkono mmoja, na nikahisi kitu ndani ya bega kikitoka mahali pake na kurudi. Zahanati tabibu aliniamuru nilale chali. Akauinua mkono wangu upande mpaka kiwiko kikawa sawa na bega, kisha akauzungusha kwa nyuma, mithili ya mtu anayejiandaa kutupa bomu la mkono.

"Inauma, kuruti?"

"Hapana, afande."

Nilisema kweli, haikuuma. Lililonipata lilikuwa hofu, hofu ya ghafla kwamba bega linakwenda kutoka, hata misuli ya kifua ikakakamaa yenyewe. Lakini ni mwanafunzi gani wa uafisa atakayemwambia afande kwamba anaogopa? Nilirudi mstarini. Wiki ya tisa baada ya hapo, nikiwa natupa bomu la mazoezi, bega lilitoka kabisa.

Miaka mingi ilipita kabla sijafahamu kilichotokea siku ile. Tabibu yule alikuwa amekifanya sawasawa mojawapo ya vipimo bora vya bega, kile cha kutafuta bega lililolegea. Alichokosea ni swali. Katika kipimo kile jibu linalotafutwa si maumivu, ni hofu. Watafiti waliowapima wagonjwa na kisha kuyalinganisha majibu na yale yaliyoonekana ndani ya bega wakati wa upasuaji walikuta kwamba ukihesabu maumivu, kipimo hukosea mara nyingi, kwa sababu mabega ya kila namna huuma mkono ukikunjwa hivyo. Ukihesabu hofu, kipimo huwa sahihi zaidi. Basi hapa jeshi lina tatizo ambalo raia hawana. Kipimo kinamtaka mtu akiri kwamba anaogopa, nasi tumetumia miezi mingi kumfunza asikiri jambo hilo mbele ya mtu ye yote mwenye cheo.

Tabibu mzoefu hasubiri kukiri. Huutazama uso, na huuweka mkono wake mwingine juu ya kifua cha askari ili aisikie misuli ikijikaza. Mwili hutoa ripoti yake hata kinywa kikikataa.

WALINZI WAWILI

Ili kueleza thamani ya kipimo, na tuwachukue walinzi wawili wa lindo la usiku. Mlinzi wa kwanza hupiga kelele jani likianguka. Adui hawezi kumpita, lakini kila usiku kombania nzima huamshwa kwa ajili ya mbuzi. Mlinzi wa pili hafungui kinywa mpaka amwone adui uso kwa uso. Huyu akipiga kelele, chukueni bunduki bila ya kuuliza. Ila wapo maadui wampitao gizani. Kila kipimo cha udaktari huwa mahali fulani baina ya walinzi hawa wawili, na kosa kubwa ni kumsikiliza mmoja ukidhani unamsikiliza mwenzake.

Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Eric Hegedus wa Marekani walichapisha, katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo, hesabu iliyojumlisha tafiti nyingi zilizotangulia juu ya vipimo hivi. Kipimo kilichobuniwa na Hawkins na Kennedy wa Kanada mwaka 1980 ni mfano mzuri wa mlinzi wa kwanza. Mkono huinuliwa mbele, kiwiko hukunjwa, kisha mkono huzungushwa kwa ndani. Askari akilalamika, husemwa kwamba kano zake zinabanwa chini ya paa la bega. Hesabu ilionyesha kwamba kipimo hicho huwanasa wagonjwa 80 katika kila 100 walio na ugonjwa huo, lakini huwaachia wasio nao 56 tu katika kila 100.

Tarakimu hizo hazitishi mpaka uzipeleke kambini. Chukua askari 100 wenye bega linalouma, na tuseme, kwa mfano tu, kwamba 40 wana ugonjwa huo wa kano na 60 wana jambo jingine. Kipimo kitawanasa 32 katika wale 40 na kuwaacha 8. Katika wale 60 kitawasingizia 26. Kwa hiyo watakaoandikwa wagonjwa wa kano ni 58, na miongoni mwao walio wagonjwa kweli ni 32. Kurusha sarafu kungekaribia kufanya kazi hiyo hiyo, tena bila ya kumuumiza mtu.

Kile kipimo cha hofu kinafanana na mlinzi wa pili. Huwanasa wenye bega lililolegea kama 66 katika 100, lakini huwaachia wasio nalo zaidi ya 95. Kikisema ndiyo, kiamini. Kikisema hapana, kumbuka kwamba katika kila watatu wenye bega lililolegea, mmoja amepita lindoni bila ya kuonekana, hata pale swali lilipoulizwa vizuri.

Lakini hata mlinzi huyo mwaminifu hawezi kusomwa pasipo kujua anamlinda nani. Tarehe 30 Agosti mwaka 2022, askari wa majeshi ya umoja walipohitimu hapa Juba mbele ya kaburi la John Garang, walisimama bega kwa bega vijana waliotoka shule na watu wazima waliokwisha kushika bunduki kabla ya Mkataba wa Amani wa mwaka 2005. Mabega yao hayafanani. Kijana wa miaka ishirini aliyeanguka mazoezini huenda kweli bega lake limelegea. Katika vijana 100 wa namna hiyo ishirini wakiwa na ugonjwa huo, kipimo kitawaonyesha 13 wa kweli na kuwasingizia wanne. Sajenti wa miaka hamsini na tano ambaye hajapata kuanguka ni habari nyingine. Katika masajenti 100 wa namna yake wakiwa na ugonjwa huo wawili tu, kipimo kile kile, katika mikono ile ile, kitamwonyesha mmoja wa kweli na kuwasingizia wanne au watano. Mlinzi hakubadilika, kilichobadilika ni njia anayoilinda.

KIPIMO NA MBUNI WAKE

Msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, vipimo hivi vilipataje sifa? Jibu ni kwamba mara nyingi mtu wa kwanza kukisifu kipimo ni yule aliyekibuni. Mwaka 1998 daktari Stephen O'Brien wa New York na wenzake walitangaza kipimo cha kugundua kuchanika kwa ukingo wa gegedu unaolizunguka shimo la bega. Katika wagonjwa wao, kipimo kiliwanasa wote bila ya kumkosa hata mmoja, na kuwaachia wasio na ugonjwa 98 na nusu katika 100. Ingekuwa ni bunduki, ungesema haina haja ya kulengwa. Wengine walipokichukua na kukitumia kwa wagonjwa wao, na hesabu zao zikajumlishwa mwaka 2012, kiliwanasa 67 katika 100 na kuwaachia 37. Sisemi kwamba mbuni alidanganya. Mbuni huijua mikono yake, huwachagua wagonjwa wake, na mara nyingi anajua anachokitafuta kabla ya kukipata. Sisi wa uhusiano tunaijua hali hiyo vizuri sana: taarifa ya ushindi huandikwa na kikosi kilichoshinda.

Liko kosa jingine la ndani zaidi. Ili kujua kama kipimo kimesema kweli, lazima pawepo shahidi mkubwa zaidi, na katika tafiti nyingi shahidi huyo alikuwa kisu cha daktari. Lakini wanaofikishwa mezani kwa upasuaji ni wale ambao wamekwisha kuchujwa na kuonekana kuwa wagonjwa sana. Ni sawa na kumsifu mlinzi kwa kuhesabu zile siku tu ambazo adui alijulikana kuwa anakuja. Mwaka 2013 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kuzipima tafiti za tiba, lilizikusanya tafiti 33 juu ya vipimo vya bega linalobanwa, zikiwa na mabega takriban 4,000, na halikuona ushahidi wa kutosha wa kukichagua kipimo kimoja na kukiacha kingine.

Na hata ugonjwa wenyewe uliokuwa ukitafutwa umetiwa mashaka. Charles Neer wa New York aliandika mwaka 1972 kwamba kano za bega husagwa na mfupa ulio juu yake, na kwamba kuuchonga mfupa huo ni tiba. Kipimo kinachobeba jina lake, cha kuuinua mkono ulionyooka mpaka juu, kilizaliwa katika fikira hiyo, na maelfu kwa maelfu ya watu wakachongwa. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza ulioongozwa na David Beard wa Oxford. Wagonjwa 313 waligawanywa kwa kura: baadhi walichongwa mfupa, baadhi walitiwa chombo begani kikachungulia tu na kutoka, na baadhi hawakupasuliwa kabisa. Baada ya miezi sita waliochongwa hawakuwazidi waliochunguliwa, na tofauti baina yao na wasiopasuliwa ilikuwa ndogo mno kuweza kumfaa mgonjwa. Maana yake kwa askari ni hii: kipimo kinaposema ndiyo, kinasema kwamba hapa panauma ukipagusa hivi. Hakisemi kwa nini panauma.

Wapo wanaodhani kwamba mashine kubwa ingemaliza ubishi. Mwaka 1995 watafiti waliwapiga picha za MRI watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na maumivu yo yote. Kano zilizochanika zilionekana katika theluthi moja yao, na katika waliopita miaka 60, zaidi ya nusu. Picha huonyesha mchaniko. Haionyeshi kama mchaniko huo ndio unaomnyima mtu usingizi. Kwa hiyo tabibu wetu asiye na mashine hiyo asijione mnyonge. Amenyimwa shahidi mmoja, si hakimu.

"MKONO UNANIUMA"

Kabla hata ya kipimo cho chote, kosa la kwanza hutokea katika lugha. Sisi tuliokipata Kiswahili Kakuma, au Uganda, au tuliokiokota mashariki ya Kongo baada ya kikosi chetu kupelekwa huko mwaka 2023, twasema "mkono" kwa kila kitu tangu kucha mpaka fuzi la bega. Kiarabu cha Juba nacho kina neno "ida" lifanyalo kazi hiyo hiyo. Askari husema mkono unamuuma, tabibu akaandika bega, na kuanzia hapo vipimo vyote ni vya mahali pasipo na ugonjwa.

Dawa yake ni rahisi: mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja. Akionyesha ule mteremko ulio baina ya shingo na bega, mara nyingi ugonjwa uko shingoni. Akigusa kilele, pale mtulinga unapokomea, huenda ni kile kifundo kidogo kinachoumia mtu akiangukia bega. Na akishindwa kutumia kidole, akaupapasa kwa kiganja upande wa nje wa mkono wa juu, pale tunaposhona alama ya kikosi, hapo ndipo maumivu ya kano za bega hujitokeza. Ni ajabu kwamba bega huuma chini ya mahali linapougua, lakini ndivyo lilivyo.

Kisha mavazi. Nimeona mabega yakipimwa juu ya kombati. Shati livuliwe, na mgonjwa atazamwe kwa nyuma. Mwambie ausukume ukuta kwa viganja viwili. Kombe la bega likichomoza kama bawa la ndege, neva ya misuli inayolishikilia imeumia, na kwa askari aliyetembea siku nyingi na shanta nzito, mkanda wa shanta ni mshukiwa. Hapana kipimo cha kuzungusha mkono kitakachokuambia jambo hilo.

Baadaye mwambie ainue mkono mwenyewe, kisha umwinulie wewe. Akishindwa yeye nawe ukaweza, tazama kano au neva. Mkishindwa nyote wawili, hasa kuuzungusha mkono kwa nje huku kiwiko kimegusa ubavu, bega limeganda, au kifundo kimeharibika, au limetoka kwa nyuma. Kuganda huwapata sana watu wenye kisukari, na masajenti wetu wenye umri wapimwe mkojo au damu kabla ya kukemewa kwa saluti mbaya. Kutoka kwa nyuma hutokea baada ya kifafa au kupigwa na umeme, na picha ya eksirei iliyopigwa kwa mbele tu yaweza kuonekana kama ya mtu mzima.

Askari wa usalama barabarani anayeinua mkono tangu asubuhi mpaka jioni katika njia panda ya Kastom, na kuruti wa polisi anayeshika ngao kule Rajaf, wana mabega ya kazi tofauti. Aulizwe pia anafanya nini na mkono huo. Ni swali lisilo na jina la daktari ye yote, na huzaa matunda kuliko majina mengi.

BEGA LISILO NA KOSA

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi katika ukurasa huu. Kipimo kikosefu cha bega mara nyingi hugharimu maumivu, cheo, au heshima. Mara chache hugharimu maisha, na mara hizo ni za nchi yetu zaidi kuliko za waandishi wa vitabu.

Lori limepinduka barabarani. Askari ametoka akitembea, anasema tumbo si kitu, ila ncha ya bega la kushoto inamuuma, hasa akilala chali. Tabibu anauinua mkono, anauzungusha. Unakwenda pande zote bila ya shida. Vipimo vyote vimesema hapana, na vimesema kweli. Bega ni zima. Kinachovuja damu ni bandama, na damu hiyo ikigusa kiwambo kilicho chini ya mapafu, maumivu hupokelewa begani kwa kuwa neva zake hutoka mahali pamoja shingoni. Alama hiyo hubeba jina la Hans Kehr, mpasuaji wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1916. Katika nchi ya malaria, bandama kubwa si kitu cha ajabu. Katika nchi ya kalazari ni zaidi ya hapo: kati ya mwaka 1984 na 1994 ugonjwa huo uliua watu wanaokadiriwa kuwa 100,000 katika Upper Nile ya magharibi, na haujaondoka. Bandama lililovimba hupasuka kwa pigo ambalo lenye afya lingelistahimili.

Kwa hiyo bega linalouma lakini linalokwenda pande zote halifungi faili. Linaifungua. Mpime askari mapigo na shinikizo la damu, mlaze, mguse tumbo. Vivyo hivyo mtu wa makamo ambaye bega la kushoto humuuma apandapo ngazi, na kumwacha akipumzika, hana ugonjwa wa bega. Moyo wake utazamwe.

Bega lililotoka nalo lina kipimo chake cha haraka. Takwimu za majeshi ya Marekani za mwaka 1998 hadi 2006 zilionyesha karibu mabega 1.7 yaliyotoka kwa kila askari 1,000 kwa mwaka, na vijana wa kiume ndio walioongoza. Kulirudisha ni ufundi wa zamani sana katika bonde hili la Nile: katika kaburi la Ipuy, huko Deir el-Medina, Misri, upo mchoro wa miaka zaidi ya 3,000 unaomwonyesha mtu akiukunja mkono wa mwenziwe aliyelala, na wapasuaji wa siku hizi wameutambua mkunjo huo. Hata hivyo, kabla mtu ye yote hajavuta, awe daktari au yule mganga wa viungo ambaye Wasudani humwita basiri, mapigo ya damu ya kifundo cha mkono yaguswe, na ngozi ya pale penye alama ya kikosi ipapaswe kwa pamba. Ikiwa haisikii, neva ya msuli wa bega imeumia, na iandikwe hivyo kabla ya kuvuta, ili asije akalaumiwa asiyehusika. Ikiwa inasikia, usifurahi mapema. Ngozi huweza kusikia na msuli bado ukawa umelala. Mgonjwa apimwe tena baada ya wiki chache, aweze kuonyesha kama mkono unainuka.

MTU WA BOSTON

Ernest Codman alikuwa mpasuaji wa Boston, na kitabu chake kikubwa juu ya bega kilitoka mwaka 1934. Kwake tulipata kipimo ambacho kila tabibu wa kambi aweza kukifanya: mkono uinuliwe upande mpaka usawa wa bega, kisha askari aushushe polepole, ukianguka kama gunia lililokatwa kamba, kano imekatika sana. Ni mlinzi wa pili, wa maneno machache na ya kweli.

Lakini nilimpenda Codman kwa jambo jingine. Alikuwa na desturi ya kumwandikia kila mgonjwa kadi, na kumwita tena baada ya mwaka kumwuliza kama alipona, na kama hakupona, ni kwa nini. Aliitaka hospitali yake ifanye hivyo kwa wapasuaji wote, ikakataa, akajiuzulu mwaka 1914. Alikuwa na hospitali yake ndogo, na katika wagonjwa 337 walioruhusiwa kutoka kati ya mwaka 1911 na 1916 aliorodhesha makosa 123, akayapiga chapa kwa jina lake mwenyewe. Wenzake hawakumpenda kwa hilo. Alikufa mwaka 1940, na kaburi lake halikuwekwa jiwe mpaka mwaka 2014.

Katika zahanati moja hapa Juba niliona hivi karibuni daftari ambalo limepigwa mistari upya kwa rula. Zamani lilikuwa na safu ya jina, safu ya ugonjwa, na safu ya dawa. Sasa ipo safu ya nne, nyembamba, iliyoandikwa "Amerudi?" Nililisoma jina la koplo mmoja ambaye mwezi uliopita aliandikwa hana kitu. Katika safu ya nne, kwa wino wa rangi nyingine na mkono ule ule wa tabibu, pameandikwa: "Amerudi siku ya 19. Halali upande wa kulia. Nilikosea. Shingo."